Mwanamume Aliyepanga Kuni

Tarehe 14 Agosti mwaka huu wa 1979 tulimpoteza Zakaria Wanyonyi. Alifia kwao, upande wa magharibi, kifua kilipomzidi, na habari zilinifikia akiwa ameshazikwa. Wengi wenu hamkumjua. Lakini kabla televisheni haijafika nchini, uso wake ulijulikana kuanzia Naivasha hadi Molo kuliko uso wa chifu yeyote, ingawa watu walimwita kwa jina ambalo halikuwa lake.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana niliowaacha kazini. Wiki niliyokabidhi funguo za chumba cha filamu, mlikuwa mkibishana juu ya yule kijana mliyempa nafasi kuu katika mchezo wenu mpya, ule wa kwanza mliouonyesha ili kupima watazamaji. Barua zilikuwa zimefika. Nyingine zilisema hana uhai, nyingine zilisema ndiye hasa. Mmoja wenu akaniuliza, "Mzee, hata siku zenu watu walikuwa wanabishana hivi?" Nikasema ndiyo, nikaendelea kufunga vitu vyangu. Jibu hilo lilikuwa fupi mno.

Niliingia kazi hii Nakuru mwaka 1954, kijana wa darasa la sita. Tulikuwa na gari la sinema, mashine moja, jenereta moja, na kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha. Siku ya kwanza sikuguswa na mashine wala mimi sikuigusa. Mzee Barnaba, ambaye ndiye alikuwa dereva na fundi wa mashine, alinipa kamba na vigingi akaniambia nisimamishe kitambaa. Mtu asiyeijua Nakuru hudhani upepo wake unatoka ziwani. Unatoka kila upande. Kitambaa kilijaa kama tanga kikanivuta mpaka kwenye ua wa michongoma. Barnaba hakucheka. Alisubiri nitoe miiba, akasema, "Ukimaliza kuruka, kamba huanza kufungwa upande upepo unakotoka."

Ndivyo alivyofundisha, kwa kusubiri kwanza. Alinifundisha kusafisha pale filamu inapopita kwa brashi ya manyoya laini kila tukimaliza kuonyesha, kwa sababu vumbi letu ni laini kama unga, na unga huo hukwaruza filamu mpaka kwenye picha mistari inaonekana kama mvua, hata ndani ya nyumba. Alinifundisha kuunga filamu iliyokatika kwa wembe na gundi yenye harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Na alinifundisha jambo ambalo sikulielewa mapema: "Usitazame picha. Picha haibadiliki. Tazama watu."

Baadaye nikapewa kipaza sauti. Filamu zetu nyingi hazikuwa na sauti, na zile zilizokuwa nayo zilisema Kiingereza. Kwa hiyo mimi nilisimama kando ya gari nikaeleza yote kwa Kiswahili: daktari, mkulima, mke wa mkulima, hata ng'ombe ilipobidi. Watu waliniita Bwana Spika. Nilipokuwa na mafua, kila mtu kwenye picha alikuwa na mafua.

Mwaka 1957 mkubwa wetu, Mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Miwani mpaka mwenyewe akazoea kuitika, alipata wazo. Alichoka na filamu za watu wa nchi nyingine wakilima mihogo. Alitaka hadithi ya mtu mmoja wa hapa, mfanyakazi wa shamba, na kila baada ya muda watu waone sehemu nyingine ya maisha yake. Wakubwa wa Nairobi walikubali itengenezwe moja tu kwanza. Ionyeshwe mahali pachache, watu wasikilizwe. Wakimkubali mtu huyo, kazi itaendelea. Wasipomkubali, turudi kwenye mihogo.

Mtu huyo alipewa jina la Mateo, na wa kumwigiza alikuwa Zakaria. Nilimfahamu kwa sababu tuliimba naye kanisani. Aliishi katika landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, na kazi yake ilikuwa kupakia magunia ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, katika mabehewa. Jumamosi alichekesha watu katika ukumbi wa landhi kwa kuigiza mapadri na makarani, na hapo ndipo Bwana Miwani alipomwona. Lakini vumbi la pareto lilikuwa limeingia kifuani mwake. Daktari alimwambia aache magunia. Na katika landhi, ukiacha kazi umeacha na chumba. Mke wake, Mama Anna, alikuwa ameanza kuuliza habari za watu wanaosafiri kwenda magharibi. Kwa hiyo filamu ile kwa Bwana Miwani ilikuwa wazo. Kwa Zakaria ilikuwa mahali pa kulala yeye na mke na binti yake.

Tulipiga picha kwenye shamba moja upande wa Rongai. Hadithi ilikuwa nyepesi: mtoto wa Mateo anakunywa maji ya mto bila kuchemshwa, anaugua, anakufa, na Mateo anajifunza. Siku ya kifo Zakaria alikuwa uani anapasua kuni, na mwanamke aliyeigiza jirani alitoka ndani kumpa habari. Bwana Miwani alimwambia tu kwa Kiswahili chake, "Sasa wewe nasikia mtoto amekufa," akawasha kamera.

Zakaria alimsikiliza yule mwanamke. Akamalizia gogo lililokuwa mbele yake. Akaliweka shoka chini, akakusanya kuni, akaenda kuzipanga ukutani, kubwa chini na ndogo juu. Ukuni mmoja aliuweka, akautoa, akaugeuza, akauweka tena. Kisha akainama akaingia ndani. Bwana Miwani alizima kamera. Filamu ilikuwa adimu, hakurudia. Aliandika neno katika daftari lake, akatupa sigara, tukahama.

Tulionyesha kwanza Njoro, katika laini, yaani vibanda vya wafanyakazi, za shamba moja la ngano. Lazima mjue siku zile zilivyokuwa. Hali ya Hatari iliyotangazwa wakati wa Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa, na gari letu lilikuwa gari la serikali. Watu walikaa chini kwa adabu wakatazama kwa adabu, na tulipowauliza maoni walijibu kwamba sinema ni nzuri na afya ni nzuri. Ukitaka kusikia neno la kweli ilibidi ukunje kamba polepole. Nilipokuwa nazikunja, mchungaji mmoja wa ng'ombe alisema, "Yule baba hakulia."

Bibi mmoja, Wambui, aliyekuwa amejifunika blanketi, akamjibu bila kugeuka. "Amelia."

"Amelia wapi, bibi? Mimi nilikuwa natazama macho. Makavu!"

"Ulitazama macho kwa nini? Ulitaka kuyanunua? Ungetazama mikono. Ule ukuni mmoja aliuweka, akautoa, akaurudisha. Mtu mwenye akili zake hufanya hivyo na ukuni?"

"Labda ulikuwa umepinda."

"Wewe ndiye umepinda. Yule ni baba wa mtoto kweli."

Katika laini zile kulikuwa na nyumba nyingi zilizofiwa miaka ile bila jirani kusikia sauti. Sikumwuliza Bibi Wambui alijifunzia wapi kutazama mikono.

Tukaonyesha Elburgon, kwenye mashine za kupasua mbao. Huko walikubaliana kwa haraka kwamba Mateo ni mtu mwema ila shoka lake halijanolewa, na kuni zile ni mbichi, zingejaza nyumba moshi. Juu ya kifo cha mtoto hawakusema kitu. Barnaba alisema kila mtu huona kile anachokipasua.

Kisha tukaja nyumbani, Nakuru, uwanja wa landhi. Hapo watu hawakutuogopa. Walimjua Barnaba, walinijua mimi, na Zakaria walikuwa wakimwona kila siku akipiga foleni ya maji. Alikaa nyuma, kofia imeshuka usoni, Mama Anna kando yake na mtoto mgongoni. Mwanzoni walimshangilia kila alipoonekana. "Zakaria, kumbe una shamba!" "Zakaria, hiyo kaptura ni ya nani?"

Tukafika kwenye kuni. Katika karatasi niliyopewa na ofisi, maneno ya mahali pale yalikuwa haya, nami niliyasoma kama yalivyoandikwa: "Mateo alishikwa na huzuni kubwa."

Mama Truphena, aliyeuza uji langoni pa stoo za mizigo, akasema kwa sauti iliyozidi spika yangu, "Huzuni gani? Huyo ameshikwa na kuni!"

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka mtoto akiwa amekufa, wakacheka jirani akilia, wakaendelea mpaka Mateo anachemsha maji. Mashine ile huwezi kuisimamisha katikati, taa yake huchoma filamu, kwa hiyo niliendelea kueleza faida za maji ya moto kwa watu waliokuwa wakipigana mabega kwa kicheko. Taa zilipowashwa hawakuondoka. Walitaka kesi isikilizwe.

Aliyeanza ni Mzee Okelo, fundi wa injini, mkubwa wa umri pale. "Mimi nimezika watoto wawili katika mji huu," alisema. "Nililia mpaka watu wa stesheni wakaja. Mtu anaambiwa mtoto wake amekufa, yeye anapanga kuni. Huyo anajua mtoto alikwenda na nini."

"Unasema alimloga, mzee?"

"Mimi sijasema. Kuni ndizo zimesema."

Kijana mmoja karani akajaribu kutusaidia. "Lakini mzee, sinema imesema ni maji ya mto."

"Na nani alimtuma mtoto mtoni?"

Karani akakaa.

"Na mmeona alivyozipanga!" Mama Truphena alikuwa amesimama sasa. "Kubwa chini, ndogo juu. Kuni za matanga hizo! Mtoto hajapoa, yeye kuni tayari. Alijua tangu asubuhi."

"Kweli kabisa!"

"Zakaria!" akaita. "Mama yako alipokufa tulikushika watu wanne, ukatupasulia na sufuria. Leo mtoto umempangia kuni?"

Zakaria akainua kofia. "Ni mchezo tu, Mama Truphena."

"Basi cheza vizuri! Usituletee uchawi kwenye kitambaa."

Nawaambieni jambo hili kwa sababu hamtalipata kwenye barua za watazamaji. Hawakusema kwamba Zakaria ameigiza vibaya. Walikuwa wamemwamini kabisa, ila walimwamini katika hadithi nyingine. Kwao, mzazi asiyepaza sauti ana sababu ya kunyamaza. Sisi tulikuwa tumeleta filamu ya maji machafu, wao wakaondoka wameona filamu ya baba mchawi, na kila ushahidi ulikuwepo. Kesho yake Mama Anna alipofika kwenye bomba, wanawake walimpisha ateke maji kwanza. Katika landhi, kupishwa kwenye bomba si heshima.

Bwana Miwani alikuwa amesikia kicheko kutoka kwenye gari lake. Aliniita. "Kwa nini watu nacheka?"

Nikamweleza yote, ya Njoro, ya Elburgon na ya landhi, na ya uchawi pia. Barnaba alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Ningeweza kupunguza. Sikupunguza, kwa maana nilikuwa nimetumwa kusikiliza. Akaniuliza mimi mwenyewe naonaje. Nikasema naona Zakaria aliigiza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza kwenye spika. Akauliza kama watu wa landhi wamemkubali. Nikasema hapana.

Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema picha ya kilio itapigwa upya. Zakaria akilia, na watu wakikubali, ataandikia Nairobi kwamba mtu amepatikana. La sivyo atatafuta mwingine.

Nilimpa Zakaria habari hizo mimi mwenyewe. Alinikuta, au nilimkuta, sikumbuki nani alimfuata nani, lakini tulikaa katika karakana ya Barnaba nikisafisha mashine. Nilimwuliza ile ya kuni aliipata wapi.

"Kwa baba," akasema. "Ndugu yangu mdogo alipokufa baba alikuwa anapasua kuni, mimi nashikilia gogo. Mama akatoka akamwambia. Akapasua lile lililobaki, akaenda kupanga. Ukuni mmoja ulikuwa unamsumbua."

"Na watu walisemaje?"

"Walisema alimla mtoto wake. Tulihama kijiji." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Bwana Miwani aliponiambia mtoto amekufa, sikufikiria kitu. Nilifanya ninavyojua."

Nikamwambia anaweza kukataa.

"Nikatae niende wapi, ndugu yangu? Kwenye magunia?" Akachukua brashi mkononi mwangu akayaangalia manyoya yake. "Kulia ni kazi rahisi. Nitalia."

Tulirudi Rongai. Nyumba ile ile, shoka lile lile. Yule mwanamke alitoka ndani akasema maneno yake, na Zakaria akatupa shoka, akashika kichwa, akaanguka chini akapiga yowe ambalo sijasikia tena katika kazi yangu yote. Aliita mtoto kwa majina ya ukoo. Alizunguka nyumba akikimbia, kamera ikimfuata. Wanawake watatu tuliowaleta wasimame tu kama majirani nao wakaanza, bila kuambiwa, mikono kichwani. Bwana Miwani alikuwa anatabasamu nyuma ya kamera.

Picha ilikuwa imeshakwisha walipoanza kufika watu. Walitoka kwenye laini za upande wa pili wa mto, wake kwa waume, wanakimbia. Wanawake walikuwa wamefunga leso viunoni, wengine wamebeba unga, mmoja kuku, na wanaume wawili walikuwa na majembe ya kuchimbia kaburi. Walilia wakiingia. Mzee aliyewaongoza alimshika Zakaria mabega na kulia naye, ndipo akauliza maiti iko wapi.

"Hakuna," Barnaba akasema.

"Mmeshazika?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Ni sinema."

Mzee yule alitazama kamera, akatazama Bwana Miwani, akatazama vumbi kwenye nguo za Zakaria. "Mmelia bila maiti?"

Bwana Miwani akataka kujua wale watu wanadai nini. Barnaba akamwambia hawadai kitu, ila wamekuja kwenye kilio, na mtu aliyekuja kwenye kilio haondoki hivi hivi. Ikabidi wapikiwe. Unga wao ukasongwa, kuku akachinjwa, chai ya ofisi ikaisha. Walikula kimya, kama matangani. Yule mzee kabla ya kuondoka alimwambia Zakaria ateme mate chini mlangoni, ili kilio kile kisije kumtafuta mwenyewe. Zakaria alitema. Jembe moja lilisahauliwa, nikalirudisha siku iliyofuata.

Barnaba alikata kipande cha kuni kwa wembe akaunga kipya. Tulipoonyesha tena katika landhi, sikusoma maneno ya karatasi. Sikuwa na nafasi. Wanawake walianza kulia kabla Zakaria hajafika chini. Mzee Okelo alitikisa kichwa akasema, "Eee. Huyo ni mzazi." Mama Truphena alipitisha uji mpaka kwenye gari. Kwenye bomba Mama Anna alirudi kwenye foleni kama wengine. Bwana Miwani aliandika Nairobi, jibu likaja, na Zakaria akaacha magunia. Alipewa chumba upande wetu, na siku ambazo hatukupiga picha alisafiri na gari, akaja kuwa mtu wa kamba hodari kuliko mimi.

Safari ya kwanza aliyosafiri nasi ilikuwa Njoro, zile laini za ngano. Filamu ilikuwa ile mpya. Watu walikaa kwa adabu. Mateo alipoanguka na kupiga yowe, nilifanya kama Barnaba alivyonifundisha, nikawatazama wao. Wachache walifuta macho. Bibi Wambui alikuwa mbele, ndani ya blanketi lake, na alikuwa akigeuka huku na huku kama mtu aliyekalia nafasi isiyo yake.

Tulipokuwa tunafungua kamba alitujia. Zakaria alikuwa amevaa koti la kazi na kofia, amechuchumaa kwenye kigingi, na bibi hakumtambua.

"Mmemleta mwingine," aliniambia.

"Ni yule yule, bibi."

"Kijana, usinidanganye kwa sababu nimezeeka. Huyu mliyemleta leo ni mtu wa kuajiriwa. Amelia kama aliyeambiwa alie. Mimi namtaka yule wa kwanza, aliyepanga kuni. Yule baba. Yuko wapi?"

Nilitaka kumwonyesha. Zakaria akasimama, kamba mkononi, akajibu yeye.

"Alirudi kwao, mama."

Bibi Wambui akafikiri. "Ni vizuri. Hapa angekaa na nani." Akavuta blanketi. "Wewe unamjua?"

"Namjua."

"Basi ukimwona mpe pole. Mwambie ni pole ya Wambui wa Njoro. Tulimwona siku ile, hatukupata nafasi ya kumwambia."

"Nitampa, mama," Zakaria akasema.

Bibi akaenda zake. Zakaria akashika upande wake wa kitambaa, mimi nikashika wangu, tukakikunja.